Kulisha mrehani wa kafuri: DAP na CAN, samadi, tithonia au mchanganyiko?

Mkulima wa Shinyalu au Vihiga, magharibi mwa Kenya, aliyepanda mrehani wa kafuri kwenye robo ekari husikia ushauri wa kila namna. Mwenye agroveti anamwambia aweke mbolea za dukani: DAP, yenye fosforasi nyingi, wakati wa kupandikiza, na CAN, ya naitrojeni, kila baada ya kukata. Shemeji yake mwenye ng'ombe wawili anasema samadi yatosha. Afisa wa kilimo anamwonyesha tithonia, kile kichaka cha maua ya manjano, iliyojaa kwenye ua wa shamba na kumwambia kwamba mbolea anayo tayari. Wote watatu wana hoja. Ila kabla ya kuchagua kuna swali la kujibu, na wengi huliruka: je, unalipwa kwa uzito wa majani, au kwa mafuta yanayokamuliwa humo? Mbolea hiyo hiyo inaweza kukufaidi kwa kipimo cha kwanza na kukupunja kwa cha pili.

Mrehani wa kafuri, ambao kwa jina la kisayansi ni Ocimum kilimandscharicum, ni mmea wa kwetu hapa Afrika Mashariki. Kandokando ya msitu wa Kakamega umekuwa zao la biashara. Kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group, kikishirikiana na taasisi ya utafiti ya icipe, kiliufanya uwe malighafi ya dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 kikatunukiwa Equator Prize inayotolewa chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mmea wa dawa ukilimwa na kulipa, watu wana sababu moja pungufu ya kuingia msituni na panga.

Ukamuaji wenyewe si mgumu kuuelewa. Majani hujazwa kwenye pipa la chuma, mvuke unapenya katikati yake, kisha unapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi. Kinachodondoka upande wa pili ni maji yenye tabaka jembamba la mafuta yanayoelea juu. Mafuta yakiwa na kafuri nyingi, asubuhi ya baridi utaona chembe nyeupe zimeganda kwenye shingo ya chupa.

Kwa nini majani mengi si lazima yawe mafuta mengi

Sugua jani moja kati ya vidole na harufu inakupanda puani papo hapo. Mafuta hayakai ndani kabisa ya jani. Yamo kwenye vifuko vidogo mno vilivyo juu ya ngozi yake, na kidole kikipita vinapasuka. Kafuri iliyomo imejengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni tu. Haina naitrojeni hata chembe. Mmea huitengeneza kutokana na sukari inayotokana na mwanga wa jua.

Sasa mwagia shina hilo naitrojeni nyingi. Litatumia sukari yake kujenga majani mapya, mapana na laini, na sehemu inayobaki kwa ajili ya mafuta inapungua. Jani linatanuka, vifuko vinakuwa mbalimbali. Mwanzoni hasara hiyo haionekani, kwa sababu majani yameongezeka kuliko harufu ilivyopungua. Ukizidi kuongeza mbolea, unafika mahali ambapo unabeba mzigo mzito hadi kwenye pipa na kutoka na mafuta yaleyale.

Chukua mfano wa kubuni, wa kuonyesha hesabu tu. Kipande cha kwanza hakikupata kitu, kikatoa kilo 200 za majani yenye mafuta asilimia 0.9, yaani gramu 1,800. Cha pili kilipata mbolea ya kiasi, kikatoa kilo 300 kwa asilimia 0.75, yaani gramu 2,250. Cha tatu kilishindiliwa mbolea, kikatoa kilo 330 kwa asilimia 0.55, na hapo unapata gramu 1,815. Anayeuza majani atakipenda cha tatu. Anayeuza mafuta atakipenda cha pili, na kile cha tatu kitamuumiza maradufu: atakuwa amenunua mbolea, kisha akachoma kuni za kukamua kilo 130 zaidi za majani ili apate gramu 15 za ziada kuliko kipande kilichokaa na njaa.

Naitrojeni haifanyi kazi peke yake. Fosforasi ndiyo inayojenga mizizi na kuupa mmea nguvu ya kuanza, na huku kwetu magharibi ndiyo inayokosekana mara nyingi. Udongo wetu mwekundu una asidi, na madini ya chuma na aluminiamu yaliyomo hushika fosforasi hata kama umeiweka. Potasiamu husafirisha sukari ndani ya mmea na kuusaidia kustahimili kiangazi. Mahindi yakivunwa, mabua huweza kubaki shambani. Mrehani unakatwa majani na matawi na kuondoka nayo yote, tena zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kila mkato hubeba naitrojeni na potasiamu nje ya shamba.

Vigezo nilivyotumia

Nimepima kila njia kwa mambo matano: uzito wa majani inayoleta, mafuta kwa kila kilo, hali ya udongo baada ya misimu kadhaa, gharama ya pesa na ya mgongo, na masharti ya mnunuzi. Nimedhani shamba ni dogo, mvua ni ile ya Kakamega ya misimu miwili, na mashina yatakaa miaka kadhaa kabla ya kung'olewa.

DAP wakati wa kupanda, CAN baada ya kukata

Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na fosforasi inayokaribia kilo 10 ukiihesabu yenyewe bila oksijeni iliyoshikamana nayo kwenye zile namba za 18-46-0 zinazoandikwa mfukoni (naitrojeni, fosforasi, potasiamu). Mfuko wa CAN una kama kilo 13 za naitrojeni. Hakuna njia inayofikisha chakula kwenye mizizi haraka kuliko hii. Kwa upande wa majani, matokeo huonekana ndani ya wiki chache: rangi inakolea, machipukizi yanatoka mengi kwenye kila tawi lililokatwa. Ukianza na miche dhaifu kwenye udongo uliochoka, kifuniko kimoja cha soda cha DAP kilichochanganywa vizuri na udongo wa shimo kinaweza kuamua kama mche utashika au utadumaa.

Kwenye mafuta ndipo pana hatari. DAP ya shimoni haina shida, kwani naitrojeni yake ni kidogo na mmea unaitumia mapema. Kinacholeta majani mapana yenye harufu hafifu ni CAN inayorudiwa kwa mkono mzito, hasa ikiwekwa siku chache kabla ya kukata kwa matumaini ya kuongeza uzito. Kama utaiweka, iwe mara tu baada ya kukata, udongo ukiwa na unyevu, ili mmea uwe na muda wa kukomaza majani.

Kuhusu udongo, mambo mawili. DAP ikitumika msimu baada ya msimu huongeza asidi, na asidi ikiongezeka fosforasi unayonunua inazidi kufungwa. CAN ina chokaa ndani yake kwa hiyo haina ukali huo. La pili ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo mbili yenye potasiamu. Shamba litaonekana zuri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ncha na kingo za majani ya chini zianze kuungua rangi ya kahawia, na mkulima aongeze CAN akidhani mmea una njaa ya naitrojeni. Nimeona hilo kwenye mashamba zaidi ya moja na linaniuma, maana pesa inatoka na tatizo linabaki palepale. Anayependa mbolea ya dukani peke yake afikirie NPK 17-17-17, ambayo ina kilo 8.5 za naitrojeni katika mfuko na inaleta potasiamu pia.

Gharama ya mgongo ni ndogo: mfuko mmoja, pikipiki moja, asubuhi moja ya kazi. Mwaka 2023 bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi Sh2,500, lakini lazima uwe umesajiliwa na aina unayoitaka iwe ghalani siku hiyo. Kuhusu mnunuzi: anayetaka mafuta yenye alama ya Kilimohai hatakubali njia hii. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa 2007, kinakataza mbolea za kutengenezwa viwandani za aina hii.

Samadi na mboji

Hapa uzito wa majani huja polepole. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya samadi imefungwa kwenye vitu ambavyo vijidudu vya udongo lazima wavioze kwanza. Msimu wa kwanza unaweza kukuvunja moyo ukijilinganisha na jirani wa CAN. Kuanzia mwaka wa pili tofauti hupungua, na kiangazi kikikaza shamba la samadi hukaa na unyevu wakati la jirani limenyauka.

Kwa mafuta, mwendo huo wa taratibu ni faida. Mmea haupati shehena ya naitrojeni kwa siku moja. Unapata kidogo kidogo, na majani hukomaa yakiwa na harufu yake. Ni vigumu kuharibu mafuta kwa samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ni jambo jingine: huunguza mizizi na kuleta magugu ya kila aina.

Yote hutegemea jinsi samadi ilivyotunzwa, na hapa ndipo ningemwomba msomaji asimame. Potasiamu nyingi na sehemu kubwa ya naitrojeni ya ng'ombe hutoka kwenye mkojo, si kwenye kinyesi. Boma lisilo na matandiko huuacha mkojo uzame ardhini. Lundo lisilofunikwa likanyeshewa na mvua ya Aprili, maji ya rangi ya chai yanayotiririka kutoka chini yake ndiyo mbolea yenyewe inayokwenda mtoni. Tandika nyasi kavu au mabua bomani, zoa matandiko yaliyolowa mkojo pamoja na kinyesi, funika lundo kwa majani ya migomba au karatasi ya nailoni, ligeuze. Madebe mawili ya samadi iliyotunzwa hivyo yanaweza kushinda wilbaro nzima ya vumbi la kijivu lililokaa juani miezi sita.

Udhaifu wake ni fosforasi. Ng'ombe aliyelishwa nyasi za shamba lisilo na fosforasi atakupa samadi isiyo na fosforasi ya kutosha. Kwa udongo kwa jumla, hata hivyo, hakuna kinachoijenga ardhi kama hii. Kwa mwenye ng'ombe gharama ya pesa karibu haipo ila kazi ipo. Asiye na ng'ombe atalipia lori na kubahatisha kilichomo. Mnunuzi wa kilimo hai kwa kawaida ataikubali samadi ya nyumbani, mradi uweze kumwonyesha ilikotoka.

Tithonia

Yale maua ya manjano yanayojaa kando ya barabara kuanzia Maseno hadi Kakamega asili yake ni Mexico, lakini utafiti mwingi kuhusu matumizi yake kama mbolea ulifanyika hapa hapa magharibi mwa Kenya. Majani yake mabichi, ukishahesabu yakiwa makavu, yana wastani wa naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1. Kwa jani la kichakani hizo ni namba za kuheshimiwa, na ile potasiamu ndiyo hasa inayokosekana kwenye DAP na CAN.

Majani ya mrehani huitikia vizuri kwa sababu tithonia huoza haraka, ndani ya wiki chache ikifukiwa udongoni penye unyevu. Kwa mafuta iko katikati ya CAN na samadi: naitrojeni yake huja mapema, lakini huja pamoja na potasiamu, na kiasi ambacho mtu anaweza kukata na kubeba si rahisi kizidi mahitaji ya mmea.

Na kubeba ndiko kwenyewe. Majani mabichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Kilo 100 za majani mabichi zinabaki kilo 20 kavu, ambazo zina gramu 700 hivi za naitrojeni. Ili ufikie naitrojeni ya mfuko mmoja wa CAN unahitaji karibu tani 2 za majani, yaliyokatwa, kukusanywa, kubebwa kichwani, kukatwakatwa na kufukiwa. Fosforasi ya mfuko mmoja wa DAP ingehitaji zaidi ya tani 13. Mara nyingi mzigo huo huwaangukia akina mama na watoto, na mtu anayesema tithonia ni mbolea ya bure hajauhesabu mgongo wao. Kwa bustani ya hatua ishirini kwa ishirini iliyo karibu na ua, inafaa sana. Kwa nusu ekari mlimani, sidhani.

Juu ya udongo: inalitajirisha shamba lako kwa kuhamisha utajiri wa ua na kando ya barabara. Ukikata ua uleule kila msimu bila kuurudishia kitu, nao utachoka. Ikianza kutoa mbegu husambaa, kwa hiyo kata kabla haijachanua. Mnunuzi wa kilimo hai hana pingamizi nayo.

Mchanganyiko, pamoja na makapi ya pipani

Njia ya nne ni kuweka samadi au tithonia kama msingi, fosforasi ya dukani kidogo shimoni, CAN kidogo baada ya mkato mmoja au miwili ya mwaka, na chokaa ya shamba pale vipimo vinapoonyesha asidi imezidi. Majani yake hukaribia ya mbolea ya dukani, kwa sababu fosforasi inaziba lile pengo la samadi. Mafuta hubaki mazuri mradi CAN isalie kuwa nyongeza.

Kilichonifanya niandike kuhusu njia hii kwa urefu ni makapi. Kumbuka kwamba mafuta hayana naitrojeni, fosforasi wala potasiamu. Maana yake ni kwamba kila kitu ambacho mmea ulikichota kutoka ardhini bado kimo kwenye pipa baada ya mafuta kutoka, kwenye majani yaliyochemshwa na maji yaliyobaki chini. Kikundi kinachotupa makapi nyuma ya jengo kinatupa mbolea ya wanachama wake. Makapi yakiozeshwa pamoja na samadi na kugawanywa kulingana na kilo ambazo kila mmoja alileta, mahitaji ya mbolea ya dukani hupungua sana. Anayeuza majani mabichi kwa kampuni ya mbali hana nafasi hiyo. Yeye anauza potasiamu yake pamoja na majani, na ingefaa bei izingatie hilo.

Chokaa inapatikana karibu, huchimbwa na kusagwa Koru katika kaunti ya Kisumu. Iweke wiki kadhaa kabla ya kupanda na uichanganye na udongo wote wa juu. Usiiweke siku moja na DAP, CAN au samadi mbichi, kwa sababu hugeuza sehemu ya naitrojeni kuwa gesi ikapotea hewani. Bila kipimo cha udongo usiinunue kabisa; KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, hupima, na gharama ya kipimo ni ndogo ukiilinganisha na lori la chokaa usiyoihitaji.

Njia hii hujenga udongo na huhitaji pesa ya wastani. Gharama yake halisi ni umakini: kuandika ulichoweka, wapi, lini. Kwa mnunuzi wa kilimo hai itabidi uache DAP na CAN, ubaki na samadi, tithonia, makapi, na vile vinavyoruhusiwa kama chokaa na mawe ya fosfati yaliyosagwa.

Na kama mmea wako si mrehani?

Osuga na saga, mboga za kienyeji, huuzwa kwa fungu la majani, kwa hiyo swali la mafuta halipo na naitrojeni ya kutosha ni rafiki. Leleshwa, kichaka chenye harufu cha upande wa Nakuru, Gilgil na Elementaita, ina mafuta ya jamii hiyohiyo ya kaboni na imezoea ardhi kavu yenye njaa. Anayeijaribu shambani asiwe na haraka ya kuilisha. Mimea ambayo dawa yake imejengwa kwa naitrojeni, kama ile yenye alkaloidi, huenda njia tofauti, na hesabu ya hapa isihamishiwe huko.

Jambo moja linagusa njia zote nne: ukataji. Vijiti vinene huongeza uzito na karibu havina mafuta. Kata asubuhi umande ukishakauka, siku isiyo ya mvua, mmea unapoanza kutoa maua, na uache shina lenye majani kadhaa chini. Ukataji mbaya unaweza kufuta faida ya mbolea yoyote.

Uchague ipi?

Kama unauza majani kwa kilo na mnunuzi hapimi mafuta, DAP shimoni na NPK au CAN baada ya kukata italipa haraka, ila ongeza samadi kila mwaka ili potasiamu isiishe. Kama unalipwa kwa mafuta au wewe ni mwanachama wa kikundi chenye pipa, elekea kwenye mchanganyiko, na mjadili suala la makapi kwenye mkutano ujao kabla ya suala la mifuko ya mbolea.

Mwenye ng'ombe wa zero-grazing (wanaolishwa bandani) na robo ekari aanze na samadi yake, aongeze DAP au TSP (mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni) shimoni mara moja tu wakati wa kupandikiza. Mwenye kitalu kidogo na ua mrefu wa tithonia aitumie bila wasiwasi, na asiende kuifuata mbali. Anayelenga alama ya Kilimohai asiguse mfuko wa dukani hata mara moja kabla ya kuzungumza na wakaguzi, kwa sababu matumizi ya nyuma huhesabiwa.

Shamba la kukodi ni kesi ya peke yake. Mkataba wa mwaka mmoja au miwili hautakurudishia faida ya samadi na chokaa. Mbolea ya dukani kwa kiasi ndiyo yenye mantiki, au ujadiliane na mwenye ardhi akuongezee muda kwanza.

Na kama bado umekwama kati ya njia mbili, tenga mistari mitatu ya kila moja kwenye shamba hilohilo, mbali na kivuli. Pima majani ya kila upande kwenye mizani, omba kikundi kikukamulie kila upande peke yake siku moja, na uandike kilo na mililita kwenye daftari. Fanya hivyo msimu wa mvua ndefu na tena wa mvua fupi kabla ya kununua mbolea ya shamba zima.